Bomba Lililosogeza Foleni

"Foleni imetembea!" Jofrey alifika kijiweni ameinua simu juu kama mtu anayetafuta mtandao. "Wakubwa, jana jioni foleni ya malori imetembea, na hakuna aliyeiruhusu."

Kijiwe chenyewe kipo Chapwa, hapa Tunduma, kando ya barabara ambayo malori ya kwenda Zambia hukaa mpaka madereva wanajuana majina ya watoto. Mtu akitamka kwamba foleni imetembea, hata aliyekuwa anameza kahawa huisimamisha kooni kwanza. Jofrey wanamwita Breking, kwa sababu kila habari hupita kwake mapema, ikiwamo ile ambayo bado haijatokea.

"Soma, acha kuigiza," alisema Fausta, muuza kahawa wa kijiwe, akipepea makaa kwa mfuniko wa ndoo.

"Nanukuu. Mngurumo mkubwa usiojulikana umesikika Chapwa. Madereva waliokuwa wanasonga ugali kando ya malori wakadhani wenzao wa mbele wamewasha. Wakaacha sufuria, wakawasha na wao. Mstari mmoja ukawa mitatu, na hadi sasa haijulikani nani yuko nyuma ya nani. Mwisho wa kunukuu."

Mwisho wa benchi, Boazi aliinamia kikombe chake kana kwamba ameangusha kitu ndani. Yeye huo mngurumo alikuwa anaujua vizuri, maana ni wa kwake.

Boazi ni fundi wa ekzosi za malori, ndiyo maana kijiweni wanamwita Sailensa. Miaka yote anapunguza kelele za magari ya watu, na miaka hiyohiyo, uani kwake, alikuwa anaunda kelele yake mwenyewe: injini ya jeti. Si ya kumpeleka popote. Ni mapenzi tu, kama wengine wanavyofuga njiwa. Jana iliwaka kwa mara ya kwanza, na kabla haijapoa mkewe Goodness alikuwa ameshatoa hukumu: jua la leo likizama bomba hilo likiwa bado uani, linakwenda kwa mnunuzi wa chuma chakavu.

Kwa hiyo Boazi hakuja kunywa kahawa. Alikuja kumwomba mzee Yesaya, wakala wa forodha, kipande cha shamba la kahawa kule Itaka, upande wa korongoni, ambako hata ukifungua milango ya jehanamu utasumbua ndege tu. Maneno ya kuombea alikuwa ameyapanga njia nzima. Tatizo ni kwamba mzee Yesaya leo alifika kabla ya watu wote, macho mekundu, amevaa koti la jana, na alikuwa hasalimiki.

"Mimi nasema ni kimondo," alisema Breking. "Kile cha Mbozi kimekaa mpweke muda mrefu, sasa kimeletewa mwenzake."

"Kimondo kinanguruma muda wote ule?" Fausta aliuliza. "Kilikuwa kinashuka na gia ya kwanza?"

"Basi ndege ya kivita. Zambia wametuvamia."

"Wapite wapi na hii foleni? Wangekuwa bado ng'ambo, Nakonde, wanasubiri nyaraka."

Benchi lilicheka. Dereva mmoja wa Kizambia, aliyekuwa anapita na kidumu cha maji, alisimama akaangua kicheko na yeye. "Mulishani, ba Fausta! Huo mngurumo wenu ukilia tena, mniite. Jana nimesogea kuliko wiki nzima. Natotela sana, asanteni!"

Boazi alisikia raha mpaka masikioni. Hiyo ilikuwa sifa yake ya kwanza, na hakuwa na ruhusa ya kuipokea.

"Msifanye utani," alisema mzee Yesaya ghafla. Sauti ilikuwa imekauka. "Ile sauti ilitoka juu."

"Juu wapi, mzee wangu?" Breking aliuliza.

"Juu. Kwa Mwenyewe."

Fausta aliacha kupepea. "Mzee Yesaya, unataka kutuambia ilikuwa parapanda?"

"Mimi sijasema parapanda. Nasema ile haikutengenezwa na mkono wa mtu."

Boazi alikohoa. "Labda ni injini tu, mzee."

"Injini?" Mzee Yesaya alimgeukia na kumtazama kuanzia viatu. "Injini ya nani? Nani hapa Chapwa ana akili ya kuunda kitu cha kulia vile? Sisi tunajua kutengeneza kitu kimoja tu duniani, foleni. Sailensa, kazi yako ni kuziba matundu. Kunywa kahawa."

Kama angemtukana mama yake, Boazi angenyamaza, maana alikuwa na shida na shamba la mtu. Lakini kuambiwa kazi yake ni kuziba matundu, wakati amekata na kuchomelea lile bomba mpaka kope zake zimeungua mara mbili, hilo lilimshinda. Aliweka kikombe chini.

"Ni mimi," alisema. "Ni injini yangu. Nimeiunda kwa mkono huu."

Breking aliukagua mkono huo kwanza. "Ina pistoni ngapi?"

"Haina pistoni."

"Oili?"

"Haiwekwi oili."

"Nini kinazunguka?"

"Hakuna kinachozunguka."

"Sasa mwanangu, umeunda injini au umeunda bomba?"

"Bomba," alisema Boazi, na hapo uso wake ukafunguka, akasahau kabisa kwamba yuko hatarini. "Bomba limekunjwa kama kipini cha nywele, midomo yote miwili inatazama nyuma. Huku kwenye tumbo unaingiza gesi, unapuliza upepo wa kompresa ya kujazia matairi, unapiga cheche kwa plagi ya bodaboda. Inalipuka. Moto unatoka kwa kasi, na ukitoka unaacha pengo ndani, pengo linavuta hewa mpya, inalipuka tena. Tena, tena, tena, haraka mpaka husikii vishindo, unasikia mlio mmoja. Likishakuwa jekundu unaondoa kompresa, unaondoa cheche, na lenyewe linaendelea! Mkia ukiwa mfupi linakohoa. Ukiwa mrefu linazimika. Nimekata, nimeunga, nimekata. Jana likashika lenyewe, jamani. Nililia."

Hakuna aliyemcheka kwa hilo. Hata Breking alitikisa kichwa taratibu.

"Gesi gani?" aliuliza mzee Yesaya, kwa sauti ndogo.

"Ya kupikia. Mtungi wa Goodness."

"Ya kupikia." Mzee Yesaya aliketi vizuri, kisha vibaya. "Una hakika, Sailensa? Hakukuwa na kitu kingine pale? Hakukuwa na malaika?"

"Kulikuwa na mimi na kompresa."

Mzee Yesaya alivua kofia, akajifunika nayo uso, na kutoka nyuma ya kofia ikatoka sauti ya mtu anayeungua. "Umeniua! Kijana, umeniua nikiwa hai! Nilikuwa mezani na mama Tupo, tunakunywa chai. Dirisha likaanza kutetemeka. Kikombe kikatembea chenyewe juu ya meza. Nikajua saa imefika. Nikapiga magoti, nikamwambia mke wangu yote!"

"Yote yapi?" Breking alishasogea karibu, simu mkononi.

"Weka hiyo simu! Ya Nakonde."

"Nakonde kuna nini, mzee?"

"Kuna nyumba."

"Nyumba tupu?"

"Ingekuwa tupu, jana ningelala kwenye lori la mteja?"

Kijiwe kilipasuka. Breking alianguka kutoka kwenye benchi akaendelea kucheka akiwa chini, na Fausta alimwaga kahawa ya watu watatu. Aliyeshindwa kucheka ni Boazi peke yake. Aliona Itaka inaondoka, aliona bomba lake linapimwa kwa kilo na mtu asiyejua hata mdomo wake ni upi. Na shida ikizidi, mtu husema jambo la kijinga kuliko yote aliyonayo.

"Pole sana, mzee," alisema. "Lakini kuna kale ka-kipande kako ka Itaka, upande wa korongoni, nilikuwa naomba..."

"Itaka!" Mzee Yesaya alisimama. "Univunjie nyumba halafu nikupe shamba? Lipeleke kwenye chuma chakavu! Mkokoteni nitakutafutia mimi, na kusukuma nitasukuma mimi!"

Hapo ndipo bodaboda iliposimama mbele ya kijiwe, akashuka Atuganile, mama Tupokigwe mwenyewe, sweta juu ya kitenge, mkoba kwapani. Kicheko kilizimwa kama redio. Wote waliinuka.

"Shikamoo, mama Tupo."

"Marahaba." Hakumtazama mumewe. "Goodness amepita nyumba kwa nyumba anaomba radhi kwa kelele za mume wake. Mwenye hilo bomba ni yupi?"

Boazi alijitokeza mbele, shavu ameshaliandaa kwa kofi.

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Nikusamehe nini, mwanangu?" Atuganile alimshika mkono kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkono mchungaji. "Huyu baba nimemuuliza kwa upole. Nimemuuliza kwa machozi. Nimemuuliza mbele ya wazee wa kanisa, akala kiapo. Bomba lako limemuuliza mara moja tu."

Fausta alisema "Haleluya" kabla hajajizuia.

"Nimesikia mkeo anataka uliondoe leo. Sasa lile shamba la Itaka ni la marehemu baba yangu, huyu hapa ni mpiga jembe tu. Kipande cha korongoni ni chako, jenga na kibanda. Nina sharti moja."

"Sema, mama, lolote."

"Ukitaka kuliwasha, tuambie mapema sisi umoja wa wanawake. Kila mmoja aje na mume wake, tukae karibu."

"Mama Tupo," mzee Yesaya aliingilia, kofia ameikunja mikononi mpaka imekuwa kitambaa. "Mama Tupo, mimi si nimeshasema yote?"

"Tutaona Jumamosi, likiwashwa," alisema Atuganile.

Usiombe kuona wanaume wanavyotawanyika. Breking alikumbuka kwamba shangazi yake wa Isongole ni mgonjwa, na kwamba anaugua vibaya zaidi siku za Jumamosi. Wawili wa benchi la nyuma waliondoka bila kumaliza kahawa, mmoja na kikombe cha Fausta mkononi. Mzee Yesaya alienda kusimama katikati ya malori, akajifanya anasoma namba za usajili.

"Nani atanisaidia kubeba?" Boazi aliuliza hewani, lakini benchi lilikuwa limebaki tupu.

Fausta alimwagia makaa maji, akafunga kanga kiunoni. "Twende," alisema. "Liko wapi?"

Kwa hiyo kabla jua halijazama bomba lilitoka uani, limebebwa na wanawake wanne wa Chapwa kuelekea kwenye Kirikuu ya kukodi, kile kigari kidogo cha mizigo. Njia nzima madereva waliopo kwenye foleni walilipigia honi. Boazi alifuata nyuma na kompresa, na kwa furaha aliitikia kila honi. Goodness alikuja mwisho, na alichobeba kichwani ni mtungi wake wa gesi.

"Chukua na huu," alimwambia mumewe. "Sisi tutapikia kuni."

"Mke wangu! Na wewe umelipenda?"

"Nimelipenda sana. Jumamosi atakayeliwasha ni Fausta, mwelekeze vizuri. Wewe utakaa hapa, pembeni yangu."

Boazi hakuwa na jambo lolote la kuficha. Ila alipopokea mtungi alianza kujikagua, mwaka kwa mwaka, na mpaka gari linafika Itaka alikuwa bado hajamaliza.