Kila Kontena na Kumbukumbu Zake

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya kuthibitishwa kazini! Ijumaa bosi anaamua kama nabaki au nafungasha. Mimi, niliyejifunzia kompyuta dukani kwa mpiga chapa, bila cheti, bila mjomba wa kunishika mkono. Nashukuru nimefika hapa. Ila mkaguzi wetu wa usalama, tunayemwita Darubini, atanimaliza. Seva ni moja, tumeigawa vyumba vitatu, tunaviita makontena: hospitali, shule, kiwanda cha mikate. Kila mteja anajiona yuko peke yake. Lakini kiini cha mfumo kinachoyaendesha yote ni kimoja, na kumbukumbu zake za usalama ni moja. Yeyote akigonga mlango, anaandikwa humohumo. Leo Darubini kauliza nani kakosea nywila mara kumi na tisa. Nikasema walimu. Akaguna.

Si walimu. Ni mama mkwe. Kuna kontena la nne, langu, la siri. Humo ndimo anamouzia mayai mtandaoni.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Nimemwendea bosi, nikamwambia ni aibu mambo ya hospitali kuchanganyika na ya mikate. Kila kontena liwe na kumbukumbu zake, zitengwe kulekule kwenye kiini. Hesabu yangu: Darubini atasoma za wateja watatu, za kontena la nne hazina msomaji. Bosi kafurahi. Darubini naye kaunga mkono, eti kaka, leo umeongea. Iliniuma kidogo. Hata kupingwa sikupingwa!

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Kiini kipya kinawaka, kinazima. Hospitali wanapiga simu. Shule wanapiga simu. Jasho hadi kwenye soksi. Nani kaniokoa? Darubini! Kakaa sakafuni na mimi nyuma ya seva, kagundua nimesahau kulibandika kila kontena lebo pale linapoanzishwa. Bila lebo, kiini hakijui tukio ni la nani. Sehemu hiyo kaiandika yeye. Kaniletea na chai. Nashukuru, ingawa haikuwa na sukari.

Alhamisi, 6 Machi
Imekubali! Bosi kaita watu wote mbele ya skrini kubwa. Hospitali kisanduku chake, shule chake, mikate chake. Makofi. Kisha kikatokea cha nne.

Kumbe mwenye seva anaona visanduku vyote! Kumbe lebo inabeba jina la aliyeanzisha kontena! Jana nilikuwa asilimia mbili ya kelele za watu wote, nani angeniona? Leo ni asilimia mia ya kisanduku changu, jina langu juu, na chini yake mama mkwe anakosea nywila mubashara. Bosi kauliza haya mayai ni ya nani. Nikaanza kukohoa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefungasha kikombe na chaja kabla ya kuitwa. Bosi kawaka: seva wanalipia hospitali, wewe unauzia mayai! Nikamwamkia tena. Darubini akaingilia. Kasema kosa ni kosa, ila wateja wetu wametulia mno. Bila vurugu za yule mama tusingejua kama utengano unafanya kazi. Kagonga mlango weee, na hakuna hata tukio moja lililovujia kwa jirani. Bosi kacheka kwa pua. Nimethibitishwa! Masharti: niandike barua ya kuomba radhi, na mayai yatoke kwenye seva leo hii. Nilitaka kumkumbatia Darubini. Kasema, kaka, nenda kaandike barua. Kaniazima kompyuta yake.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe kapiga simu analalamika, eti mkwe mzima, unashindwa na mayai? Nikamwambia tulia mama, duka limefunguliwa tena tangu jana. Nimelala kama mtoto. Watu wema bado wapo! Mtu anakutetea mbele ya bosi, kisha anakuachia kompyuta yake saa nzima bila kukusimamia. Shukrani zisiishie mdomoni: kila Jumatatu atapata trei ya mayai, bure. Na duka ndiko liliko sasa, kwenye hiyohiyo kompyuta yake. Nimepiga hesabu kila upande, halikamatiki. Nani atamkagua mkaguzi?