Uzinduzi wa Mwambao wa Nkuhungu

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu ijayo Dodoma ina mwambao. Mwambao huo unaanzia Kizota, nyuma ya magereji, na kuishia Nkuhungu, kwenye lambo. Wageni wataongozwa kwa baiskeli kutazama mandhari ya bahari na viumbe wake. Wanaombwa kutoogelea.

Tangazo hilo lilibandikwa na Obedi Chidosa, Kaimu Mkuu wa Kituo cha Dodoma cha Wakala wa Ziara za Baiskeli za Mwambao. Kaimu, tena mwaka wa sita. Wenzake walioajiriwa naye walishathibitishwa, wakapanda vyeo, mmoja akastaafu kabisa, yeye bado anakaimu. Mkewe, Anyesi, alishaacha kuuliza. Wageni wakija nyumbani huwaambia, "Huyu ni kaimu mume wangu," na Obedi hucheka kuliko wote, maana asipocheka yeye watajua kwamba inamuuma.

Sasa ieleweke Wakala huu ni kitu gani. Makao makuu yake yalikuwa Dar es Salaam, ghorofa ya saba, madirisha yanatazama maji. Serikali ilipohamia Dodoma na taasisi zikaambiwa zifunge virago, Mkurugenzi Mkuu, Dakta Silvano, aliandika barua kuomba kusamehewa kuhama: taasisi ya mwambao haiwezi kukaa mahali pasipo mwambao. Hoja ikapita, na kusema kweli ilikuwa na mashiko. Dodoma ikaletewa kituo cha mtu mmoja, kazi yake kupeleka barua wizarani na kurudi na mihuri.

Lakini kituo ni kituo, na kila kituo sharti kiwe na Mpango Kazi. Obedi, asiyekuwa na cha kupanga, aliazima Mpango wa kituo cha Pangani, akaiamuru kompyuta ibadilishe neno Pangani liwe Dodoma kila linapotokea, akaenda zake kula ugali. Hakuusoma. Kamati nne ziliupitisha bila kuusoma, ila moja ilisifu majedwali. Dakta Silvano naye akatia saini ukurasa wa tatu, chini tu ya maneno haya: "Dodoma imejaliwa kilomita kumi na nne za fukwe nyeupe, ambako mtalii akiwa juu ya baiskeli huweza kuwaona kasa na pomboo."

Baiskeli kumi zikaja na lori. Ndipo Obedi akausoma Mpango.

Alipiga simu makao makuu.

"Shikamoo, Mkurugenzi. Kuna hitilafu ndogo kwenye Mpango."

"Marahaba. Ndogo kiasi gani?"

"Bahari, Mkurugenzi. Haipo."

"Haipo kwenye bajeti?"

"Haipo Dodoma."

Upande wa pili ukakohoa kiofisi. "Obedi, Mpango umepita kamati nne. Nimeusaini mimi. Unataka kuniambia kwamba kamati nne pamoja na mimi hatujui jiografia?"

"Hapana, Mkurugenzi."

"Basi changamoto hiyo itatue katika ngazi yako. Jumatatu nakuja kuzindua, na barua yako ya kuthibitishwa kazini nimeiweka kwenye mkoba. Uzinduzi ukienda vizuri, utaondoka nayo."

Obedi alikaa akajitukana polepole kwa Kigogo, lugha ambayo haikumwonea haya. Miaka sita aliisubiri barua ile, na sasa ilikuwa ng'ambo ya bahari aliyoiumba mwenyewe kwa kubonyeza kitufe.

Akaenda Kizota kwa Athuman, fundi baiskeli mzaliwa wa Kolo, aliyekubali kuwa kiongozi wa watalii kwa sharti kwamba asivalishwe tai. Athuman alimsikiliza hadi mwisho huku akikaza spoki.

"Kwetu Kolo," akasema, "wazee walichora twiga kwenye miamba kwa sababu walimwona twiga. Nyie wa ofisini mnachora kwanza, halafu ndiyo mnamtafuta twiga."

"Unanisaidia au unanihutubia?"

"Nakusaidia, Kaimu. Pale Nkuhungu kuna lambo."

"Limekauka tangu mwezi wa sita."

"Kwani baharini maji hayakupwi? Basi sema yamekupwa."

Jumatatu Dakta Silvano alishuka kwenye gari akiwa na suti na helmeti mpya. Alifuatana na waandishi wa habari, na Bi Ritha, afisa wa wizara, mama mpole mwenye daftari. Bi Ritha alihamia Dodoma miaka saba iliyopita na watoto watatu, wala hakuomba kusamehewa.

Msafara ukaondoka. Obedi hakuwa amepanda baiskeli tangu darasa la saba, na kabla ya kufika hata kona ya kwanza mnyororo ulishaikamata suruali yake ya harusi. Akaendelea hivyo hivyo, mguu mmoja suruali, mmoja kaptula. Mbigili zikatoboa tairi tatu. Athuman akaziziba, akiwaeleza waandishi kwamba ukanda huu una matumbawe makali sana.

Walipofika lambo, udongo ulikuwa umepasukapasuka, punda watatu wamesimama katikati na kobe mmoja yuko ukingoni.

"Waheshimiwa," Athuman akasema, "mbele yenu ni bahari. Maji yamekupwa. Yule pale ni kasa, amepanda nchi kavu kutaga."

Kobe aliendelea kula ganda la tikiti.

"Na pomboo?" akauliza mwandishi mmoja.

"Pomboo wamefuata maji."

Dakta Silvano aliwatazama punda kwa muda mrefu. Obedi aliliona jasho likimtoka chini ya helmeti, akamwonea huruma, kisha akaukumbuka mkoba, huruma ikapungua. Hapo hapo Bi Ritha akafungua daftari.

"Mkurugenzi, kwa ajili ya kumbukumbu tu. Wakala unathibitisha kwamba huu ni mwambao?"

Kamera zote zikageuka. Kusema hapana ni kusema hakuusoma Mpango.

"Unathibitisha," akasema Dakta Silvano.

"Unaokidhi vigezo?"

"Vyote. Tena upepo wake ni bora kuliko wa Dar es Salaam."

"Naomba saini yako hapa."

Akasaini juu ya tandiko la baiskeli. Obedi akapewa barua yake palepale, ina vumbi, na alifurahi hadi akajionea aibu. Jioni Anyesi aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri. "Karibu nyumbani, mume wangu," akasema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Wiki mbili baadaye barua nyingine ikatoka wizarani kwenda Dar es Salaam, ghorofa ya saba. Kwa kuwa Wakala umethibitisha kwa saini kwamba Dodoma ina mwambao unaokidhi vigezo vyote, sababu ya kusamehewa kuhama imekoma. Makao makuu yahamie Dodoma ndani ya siku thelathini. Kwa kuzingatia asili ya shughuli zake, Wakala umetafutiwa jengo lililo karibu kabisa na bahari.

Dakta Silvano alihamia Nkuhungu siku ya thelathini, saa tisa alasiri, na maua yake kwenye vyungu. Dirisha la ofisi lilitazama lambo. Vumbi lilikuwa limetangulia kukaa kwenye kiti. Akamwita Obedi, ambaye siku hizi hubisha hodi mara moja tu.

"Obedi, tukiandika kwamba hapa hapana bahari, utaratibu ukoje?"

"Inapita kamati nne, Mkurugenzi."

"Halafu?"

"Halafu inaletwa kwako, usaini kwamba hukuusoma Mpango."

Dakta Silvano akafungua dirisha, vumbi likaingia, akalifunga.

"Maji yanajaa lini?" akauliza.

"Masika, Mkurugenzi."

Ulikuwa ndiyo kwanza mwezi wa tisa, na huko nje punda mmoja alikuwa amesimama katikati ya bahari, akijikuna.