Migomba Juu ya Visiki

Jumatatu, 6 Oktoba
Mkaguzi wa cheti cha misitu anakuja Alhamisi. Bila cheti hicho kiwanda cha chai hakinunui kuni za kikundi chetu, hata kijiti. Wanataka uhakika kwamba tunauza mikaratusi tuliyopanda, siyo miti ya asili. Mwenyekiti ni mimi. Aliyekata miti ya asili kule mtoni mwezi uliopita, pia mimi. Tatizo dogo. Ila visiki bado vyeupe, na katibu wetu Atupokile ameviona. Kaniambia kwa upole wa kinafiki kwamba cheti kikipotea, uenyekiti nao nisahau. Anaumezea mate huyo. Hataupata.

Jumanne, 7 Oktoba
Dawa imepatikana. Migomba! Nani Rungwe atashangaa kuona migomba? Nimeing'oa ya nyuma ya nyumba, mikubwa, na mikungu yake, nikaisimika mtoni mpaka visiki vyote vikajificha. Mke wangu Winfrida akauliza sasa tutakula nini. Nikamjibu tutakula cheti. Hakucheka. Mgongo unaniuma vibaya, lakini shamba linaonekana la miaka. Najivunia.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mkaguzi ni binti mtulivu, anaitwa Monica. Majani yalikuwa yamenyauka. Nikamwambia ni aina ya huku kwetu, mchana huwa inapumzika. Akasema hajawahi kuisikia. Mambo yakawa safi, tukaanza kuondoka.

Ndipo Ikupa, mke wa mwanangu Lukasi, akapanda kutoka mtoni na ndoo kichwani. Mimi nashika mila: mkwe haonani na baba mkwe. Nimemkazania hilo tangu aolewe. Na adabu anayo, sikatai. Aliponiona akaitupa ndoo, akajitosa migombani ajifiche, akaukumbatia mgomba wa kwanza. Wakaenda chini wote. Mgomba ukauangukia wa pili, wa pili ukaondoka na wa tatu. Mikungu chini, visiki nje, Ikupa kajifunika khanga usoni. Atupokile akajifanya anakohoa. Mkaguzi hakufoka. Aliuliza tu kama na hii ndiyo inapumzika. Aibu niliyoona, Mungu ndiye anajua.

Jumamosi, 11 Oktoba
Cheti kimebaki, kwa sharti: nirudishe miti ya asili pale mtoni, na kuni zangu zisiuzwe mpaka mkaguzi aione imeshika. Atupokile ndiye mwenyekiti. Kwenye kikao alisema miti ile ndiyo inayolinda maji yetu, na wenzangu wote wakanigeukia. Iliniuma kweli.

Winfrida anasema Bulyaga kuna kitalu cha miche ya asili, nikanunue, nianze upya taratibu. Taratibu? Miche ya kitalu ina kimo cha kidole. Mimi kiti changu nakitaka kabla ya Krismasi. Na kule mlimani, msitu wa hifadhi umejaa miti ya asili yenye kimo cha mtu, imesimama tu, haina kazi. Kesho watu wote watakuwa kanisani. Sururu nimeshaiandaa.