Internet Isiyokatiwa Utepe

Taifa lijulishwe, na majirani wa taifa wasikie: shule yetu ya Katoyi, hapa Goma, ina internet. Serikali imetoa pesa, antena imesimama juu ya bati, taa yake ya kijani inawaka. Kilichobaki ni kidogo tu, yaani kuitumia.

Mimi, Zéphirin, Chef wa Protokole, yaani mkuu wa itifaki, ndiye niliyeifunga kwa code ya siri. Mgeni rasmi atakayekata utepe bado yuko misheni, safari ya kikazi, na internet isiyozinduliwa haitumiki. Nchi bila utaratibu ni soko.

Lakini wazazi ni watu wa haraka. Waliitisha mkutano. Mama Bénita, mkuu wa shule, akasimama.

"Papa Chef, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaandikishwa mtihani kwa internet, na mwisho ni leo. Asiyeandikishwa anapoteza mwaka. Tupatie code."

"Pole, Mama. Mgeni hajafika."

"Batoto wapoteze mwaka juu ya utepe?"

Nikaona watu hawa wanahitaji elimu, nikawapa mfano wa nyumbani.

"Wazazi, mutu hawezi kukaa na bibi bila kulipa mahari. Kwanza sherehe, kisha matumizi. Anayeruka sherehe ni mwizi."

Sikusikia makofi. Wote walimgeukia bibi yangu, Valérie, aliyeketi kati ya wazazi. Binti yetu Élodie anamaliza shule hapo hapo. Nilishamweleza kwamba taifa linatangulia. Mimi na Valérie tumekaa pamoja miaka mingi, na ng'ombe wa mahari yake bado wamo katika mpango wa maendeleo.

Valérie akainuka polepole, akakaza kitenge.

"Papa Élodie, umesema kweli, tena mbele ya watu. Mimi pia sijazinduliwa. Acha nirudi kwa baba, ku Kiwanja."

Nilitoa code palepale, herufi kwa herufi, hata kabla ya kuombwa tena. Kufika jioni wanafunzi wote walikuwa wameandikishwa, Élodie wa kwanza. Nikarudi nyumbani na furaha ya mtumishi wa umma. Mlango ulikuwa na kufuli.

Ng'ombe nimewapeleka Kiwanja, tena wanono. Baba mkwe amejibu kwa heshima kubwa kwamba amewapenda sana, ila sherehe inamngoja kaka yake mkubwa, na huyo kaka yuko misheni. Wakati huu ninajipikia bugali, na inaungua.