Bango Langu na Foleni ya Bwana Croy

Jumatatu, 2 Machi
Naapa kuandika yote humu, hata yatakayoniaibisha. Wiki ikiisha nitazichana kurasa hizi nimtumie Mbunge Okerlund, aliyeleta muswada kwenye bunge la jimbo letu: mtu asiuziwe bunduki kabla ya kufunzwa kuitumia na kuitunza. Mwalimu Abernathy anasema wabunge wanapenda ushahidi.

Sababu yangu ni Corinne. Alikaa dawati la mbele yangu. Oktoba kaka yake alinunua bastola asubuhi, jioni akawa anawaonyesha wenzake jikoni. Alidhani haina risasi. Dawati lipo. Hakuna anayelikalia.

Sababu ya pili ni Baba. Tangu mazishi ya Corinne anasema naye atanunua, atulinde mimi na mdogo wangu Otis, maana Mama alishahamia Idaho. Atanunua wiki ijayo. Bahati njema, Baba ni mtu wa wiki ijayo. Banda la kuku linavuja tangu nikiwa darasa la tatu. Muswada ukipita kabla hajainuka kitini, tumepona. Huyu hata mwavuli humshinda kufungua!

Jumanne, 3 Machi
Mpango! Mabango! Wino mwekundu, herufi zimenyooka: SHERIA IKIPITA, KUANZIA JULAI HAKUNA KUNUNUA BUNDUKI BILA MAFUNZO. Otis, mwenye miaka minne, alishika gundi na kujipaka nyingi kichwani. Tumebandika posta, kanisani na kwenye ghala la ngano. Mwisho nikajikaza nikaingia kwa Bwana Croy, muuza silaha. Nilitegemea kufukuzwa. Akasoma mara mbili, akacheka, akasema, "Binti, hebu niachie na mengine."

Muungwana kabisa! Nilimdhania vibaya.

Alhamisi, 5 Machi
Foleni kwa Bwana Croy imefika mpaka kwa kinyozi, na theluji inaanguka! Nikajua wanatia saini kuunga mkono muswada. Nikapita nikiwashukuru mmoja mmoja. Bi Pfeiffer, mpiga kinanda wa kanisani, akanishika shavu. Akasema, lo, mwanangu, bila bango lako mimi ningechelewa, ningelazimishwa darasani uzeeni. Alikuwa amekumbatia kasha. Akanipa peremende.

Niliitema nyuma ya posta.

Chini ya bango langu Bwana Croy ameongeza neno moja kwa mkono wake: WAHI!

Ijumaa, 6 Machi
Mpango wa pili. Baba asilione bango hata moja. Nimebandua yote ya njia anayopita kwenda kazini. Vidole vimekufa ganzi. Mvulana mmoja wa darasani akapita akiuliza kama Croy ananilipa kwa wiki au kwa mwezi. Nikabandua jingine. Kazi imekamilika. Hakuna nililosahau.

Jumamosi, 7 Machi
Nilisahau friji yetu. Otis alibandika moja pale, chini chini, usawa wa macho yake. Baba aliinama kutafuta maziwa.

Akaniuliza, "We mama, mbona hukuniambia kuna tarehe?" Akavaa koti juu ya nguo za kulalia, akatoka bila kifungua kinywa. Ni mara ya kwanza maishani mwake kufanya jambo siku ileile.

Amerudi nayo. Nikauliza kama alionyeshwa chochote. Alionyeshwa pa kutia saini. Na Bwana Croy ananisalimia sana, amempa punguzo kwa kuwa ni baba yangu.

Nikamwambia kuna mafunzo ya bure ukumbi wa kanisa, leo hii mchana. Akasema ataenda. Wiki ijayo.

Jumapili, 8 Machi
Bastola iko juu ya friji, ndani ya mkebe wa biskuti. Baba anasema hapo hafiki mtu. Nikamkumbusha kuwa ni mkebe wa biskuti. Akasema biskuti zimekwisha. Nikasema Otis hajui kama zimekwisha. Nikamwomba aifungie mahali. Akasema atanunua kufuli, na mimi nisiiguse. Hapo ana haki. Mimi pia sijafunzwa.

Nikauliza kama ina risasi.

Anadhani haina.

Sikula.

Jumatatu, 9 Machi
Nimefikiri usiku kucha, kosa nimeliona. Herufi zilikuwa ndogo! Watu waliiona tarehe, hawakuliona neno MAFUNZO. Leo nimeandika mabango mapya, makubwa kama mlango, na MAFUNZO nimelipigia mistari miwili. Tarehe nayo nimeikuza, nisionekane naficha kitu. Bwana Croy amenipa karatasi bure na kunishikia ngazi.

Niliporudi, kiti cha jikoni kilikuwa kimesogezwa hadi kwenye friji. Otis anasema alitaka tu kuona. Nimekirudisha mezani. Nimekaa juu yake ninapoandika haya.

Mheshimiwa Okerlund, tafadhali nijibu siku ileile utakapozipata kurasa hizi: sheria ikipita, itamfikia na aliyenunua Jumamosi?