Unga wa Bibi Ildefonsa

Mwaka ule wakimbizi walipojaa Ngara hata wenyeji wakawa ndio wageni, Khalidi wa Kabanga alikuwa ameshawabadilishia watu faranga kwa namna yake ya kupunja mpaka hapo mpakani hakuna aliyemwamini tena, hata akisema leo ni Jumanne. Alibaki na baiskeli moja, na hiyo ndiyo iliyomlisha yeye, mkewe na watoto wanne.

Ndipo akasikia kwamba kambini kumekuja mtafiti, Daktari Yuster, anayepima dawa za waganga aone zipi zinaua vijidudu vya malaria. Watu walisema mwenye dawa itakayoua atapelekwa Dar es Salaam kwa ndege, alishwe na serikali hadi kufa.

"Uganga!" Khalidi akajipiga paja. "Kazi yenyewe ni kukunja uso tu."

Uso alikuwa nao. Dawa hakuwa nayo. Akapanda baiskeli hadi Kanazi kwa Bibi Ildefonsa, ambaye unga wake ulisifika kwa kushusha homa upesi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Homa?"

"Hapana, bibi. Nimeota. Marehemu babu amenituma kwako nirithi dawa."

Bibi akamtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama jogoo wa sikukuu.

"Na hakukwambia kwamba dawa hairithiwi mikono mitupu? Mwanafunzi humlimia mwalimu wake, kisha huacha kitu kinachomuuma. Kisipomuuma, dawa hulala."

Siku tatu Khalidi alilima shamba la bibi hadi viganja vikachubuka. Siku ya nne akaulizwa kinachomuuma. Akataja shati. Bibi akatikisa kichwa, macho kwenye baiskeli. Khalidi alitaka kulia kweli, maana bila hiyo wanawe wangelala njaa. Lakini akaiwaza ile ndege, akaiacha. Akapewa mfuko wa unga wa kijani.

"Na jina la mti, bibi?"

"Utaoteshwa. Si wewe ni mtu wa ndoto?"

Kambini alijitambulisha kuwa mganga wa kizazi cha saba. Daktari Yuster, dada mpole wa miwani, akaandika jina lake kitabuni.

"Ni dawa yako mwenyewe?"

"Yangu, ya babu, na ya babu wa babu."

Baada ya wiki mbili akaitwa. Akavaa kanzu ya Idi na kumuaga mkewe kwa maneno ya msafiri wa mbali.

"Unga wako umeua vijidudu vyote," akasema Daktari.

"Alhamdulillahi!"

"Umeua kwa sababu ndani mna klorokwini, dawa ya malaria ya hospitali. Vidonge vimetwangwa pamoja na majani ya kawaida tu. Na stoo ya kambi imeibiwa makopo sita ya vidonge hivyo."

Askari akaziba mlango wa hema. Huo, ndugu msomaji, ndio wakati mtu anapotamani angekuwa mwongo wa kawaida. Khalidi akapiga magoti.

"Mimi si mganga! Mimi ni tapeli tu, muulizeni yeyote Kabanga! Unga ni wa Bibi Ildefonsa wa Kanazi!"

Bibi akafuatwa. Akaja na khanga zake mbili na rozari shingoni, mwanawe akimwendesha kwa baiskeli ambayo Khalidi aliitambua kwa mlio tu. Moyo ukamuuma upya.

"Bibi," Daktari akauliza, "huyu anasema dawa ni yako, na kwamba yeye si mganga. Kweli?"

Huku kwetu mzee hampi kijana shikamoo hivi hivi. Lazima kijana huyo awe amebeba jambo zito, kama uganga. Bibi Ildefonsa alimwendea Khalidi, aliye sawa na mjukuu wake, akapiga goti, na kwa sauti ya mgonjwa aliyeponywa akasema:

"Shikamoo, mganga wangu."

Khalidi alikuwa na uongo wa kila aina tayari mdomoni. Lakini mama yake alimlea vizuri, na salamu haiachwi chini.

"Marahaba," akaitika.