Njia ya Pili Haipotezi Hata Neno

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati nzuri ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa wenyeviti wa kamati, wa kamati ndogo, na wa kamati zinazosimamia kamati. Mhandisi Mkuu wetu, ambaye pia ni shemeji yangu, ingawa kazi aliipata kwa juhudi zake binafsi za kuoa vizuri. Wauguzi wa zahanati ya hapa jirani. Wateja wetu wapendwa. Mabibi na mabwana mliopata viti, na nyinyi mliosimama juani kwa uzalendo: itifaki imezingatiwa, na itaendelea kuzingatiwa hadi nitakapomaliza. (Makofi, hasa ya viti vya mbele.)

Shirika letu la simu na intaneti, chini ya uongozi wangu thabiti, shirikishi na usioyumba, lilikumbwa na changamoto. Sisemi tatizo, maana matatizo wanayo watu wadogo. Changamoto yenyewe ni kwamba waya wetu mkuu, huu mweusi uliolala hapa mezani mbele yangu, unaokwenda zahanati na mji mzima, ukikatika, mawasiliano yanapaswa kuhamia njia ya pili kwa sistimu ya kisasa iitwayo feilova, na katika kuhama huko pakiti za data, yaani vile vipande vidogo vinavyobeba sauti zenu, hupotea, kama maji unayoyahamisha ndoo hadi ndoo na mengine yakaishia sakafuni.

Mama Mkunga, yule pale karibu na lango mwenye simu mkononi, amefika ofisini kwangu mara nyingi kuliko mimi. Anasema wakati wa mvua greda lilikata waya, na yeye alikuwa kwenye simu na daktari wa hospitali kuu, anaelekezwa namna ya kumzuia mama mmoja damu baada ya kujifungua. Sauti ikaondoka katikati ya maelekezo. Iliporudi, yule mama hakuhitaji tena daktari. Nilisikitika sana, tena nilisikitika kwa niaba ya bodi nzima. Wakati ule njia ya pili ilikuwepo, lakini katika hatua ya maono.

Nikaunda kamati. Kamati ikasafiri nchi tatu kuangalia nyaya za wenzetu, ikalala kwenye hoteli zenye intaneti nzuri ili kujionea, ikarudi na uchambuzi wa kina: asilimia mia moja na nne ya maneno yaliyopotea yalikuwa yamesemwa. Narudia, yalikuwa yamesemwa! Neno ambalo mteja hakulisema halijawahi kupotea kwenye netiweki yetu hata siku moja. Hapo ndipo mjue kwamba upotevu una wadau wengi, na mteja ni mmojawapo. (Shemeji anatikisa kichwa kukubali. Sauti kutoka nyuma: "Kwa hiyo tunyamaze?") Kwa kipindi cha mpito, ndiyo.

Lakini leo tumefika. Tazameni kulia kwangu. Lile kabati refu lililofunikwa kitambaa, lenye taa ya kijani, ndilo kitovu cha Njia ya Pili. Msilisogelee, mitambo ya namna ile haipendi vumbi wala maswali. Na kwa kuwa mimi si kiongozi wa kukata utepe, utepe hukatwa na viongozi wasiojiamini, leo nitakata waya mkuu wenyewe, hapa hapa, kwa mkasi huu wa mabati, muone feilova kwa macho yenu. (Makofi. Shemeji anaacha kupiga makofi.)

Naona mkono kule langoni. Mpeni kipaza sauti, sisi ni shirika sikivu.

(Mama Mkunga: "Baba, nakuomba usikate sasa hivi. Mwenzangu kule zahanati yuko hewani na daktari, kuna mama anatoka damu. Tuache tumalize, halafu ukate unavyotaka.")

Mmemsikia? Na hakupangwa huyu! Mama yangu, nakushukuru kwa dhati, maana nilikuwa na wasiwasi kwamba jaribio letu halitakuwa na uzito. Kumbe lina mtu. (Mama Mkunga: "Baba, ngoja kidogo tu.") Maendeleo hayangoji, mama. Shemeji, usinivute koti mbele za watu.

(Anakata.)

Tazameni taa! Bado ya kijani! Haikutetereka hata kidogo! (Mama Mkunga anasema haloo kwenye simu yake, anasema tena, kisha anatoka mbio. Viti vya nyuma vinainuka na kumfuata.) Waacheni waende, wanakimbilia kushuhudia huduma. Nyinyi wa mbele kaeni, soda zinakuja.

(Upepo unapeperusha kitambaa. Mlango wa kabati unafunguka. Ndani kuna henga tatu za nguo na tochi ya kijani.)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru dada yangu, mke wa Mhandisi Mkuu, kwa kutuazima kabati lake la nguo, na namhakikishia litarudi kabla ya jioni. Namshukuru fundi aliyelipaka rangi ya chuma. Na kwa namna ya pekee naishukuru Kamati ya Njia ya Pili, ambayo imekubali kukutana mwezi ujao kuamua kama njia hiyo inahitajika, na ikihitajika, ipite wapi. Kitu kikishaingia kwenye mpango, ndugu zangu, kiutawala kipo. Na nina furaha kutangaza kwamba tangu nikate waya huu, shirika letu halijapoteza pakiti hata moja.

Sasa tuitikie kaulimbiu yetu: Njia mbili! (Viti vya mbele vinatazama kabati.) Njia mbili! (Shemeji, peke yake: "Neno lisipotee.")

(Ng'ambo ya ukuta, upande wa zahanati, sauti ya mwanamke inaita: "Daktari? Daktari, unanisikia? Nifanye nini sasa?")

Mnasikia wenyewe. Wanaongea. Asanteni sana.